Kibao cha Mwalimu Spelingi

Juzi mwanangu alikuwa amejilaza kwenye kochi akicheza mchezo wa simu, ule wa herufi chache za Kiingereza zilizopangwa kwenye duara, unazichanganya upate maneno. Kila akipata neno, simu inalia ting! Akaniita nimsaidie. Nikaziona herufi zenyewe: T, A, E, S, R. Kabla sijataja hata neno moja, shingo yangu ikaanza kuwasha kwa nyuma, pale pale kamba ilipokuwa ikikaa. Msinicheke. Nina mvi sasa, lakini kuna mtu ambaye nikimkumbuka bado nasaga meno.

Tulimwita Mwalimu Spelingi. Alipangiwa shule yetu, mwendo mfupi kutoka machimbo ya Kewanja, akitokea mkoa wa mbali wenye migomba na baridi, miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu. Mashamba ya mihogo yaligeuka mashimo. Watu walikuja na sururu zao kutoka kila pembe ya nchi, wakatundika maturubai, wakalala humo. Tukiwa darasani tuliwasikia akina mama wakiponda mawe kutwa, ko, ko, ko. Mama yangu alikuwa mmoja wao, kope zake nyeupe kwa vumbi kama mtu aliyetoka kusaga unga mashineni.

Kila asubuhi mwalimu aliandika herufi zake ubaoni, nasi tukaunda maneno ya Kiingereza. Hapo mimi Bhoke nilikuwa moto wa kuotea mbali. Nilizigeuza zile herufi kama bibi anavyochambua maharage: tea, eat, seat, rat, star, rest. Maana ya mengine sikuijua, lakini nilijua yapo. Basi mwalimu akatangaza kwamba mshindi wa wiki ile atapelekwa Tarime mjini kushindana na shule nyingine. Tarime! Mimi ambaye mjini nilipajua kwa kusimuliwa tu! Mama aliposikia aliweka nyundo chini, akaenda kuniazimia viatu.

Ila palikuwa na kibao. Mwalimu alikikata kwenye sanduku la baruti, akakitoboa, akakitia kamba ya katani. Kilinuka baruti na jasho la shingo za watoto. Ukikamatwa unasema Kikurya, lugha yetu ya nyumbani, ukiwa shuleni, unakivaa, na hukivui mpaka umnase mwingine ndipo umvishe. Mwenye kibao hakuwa na haki ya kitu, si mpira, si safari. "Kibao hakina macho," mwalimu alipenda kusema. "Kitamvaa yeyote atakayeleta lugha ya kwao hapa. Yeyote!" Lile neno la mwisho alilivuta kwa raha zake.

Siku niliyoshinda, maneno yangu yamejaa ubaoni, bibi akatokea dirishani na viazi vitamu vya moto, kwa kuwa mama alikuwa amebanwa na mawe. Bibi hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji. Akaniita kwa Kikurya. Ningefanyaje, jamani? Ningemkaushia bibi yangu mbele za watu? Nikaitika kwa heshima, kama alivyonilea.

Mwalimu akachukua dasta, akafuta maneno yangu moja moja, taratibu. Kisha akanivisha kibao, bibi akiwa palepale. Bibi akawauliza wenzangu kile ni kitu gani. Hakuna aliyemjibu, maana kumjibu ni kuvishwa. Akatazama kamba, akatazama kibao kifuani pangu, akadhani ni zawadi. Akapiga kigelegele. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka mpaka akajifuta macho. Bibi aliondoka akitabasamu.

Nikaapa. Huyu mtu nitamlipa.

Wenzangu walinikwepa kama ukoma, midomo imeshonwa, wasije wakaropoka mbele yangu. Wala sikuwataka wao. Nilimtaka yeye, ateleze kwa lugha ya kwao. Nilifagia chini ya dirisha lake pasipo na takataka. Nilimfuata kisimani, nikamvizia hata alipojikwaa kwenye jiwe la ofisi, lakini wapi, akaguna tu. Watu husema subira yavuta heri. Mimi nilikuwa nasubiri shari.

Ikafika Ijumaa, kesho yake ndiyo safari, na kibao bado ninacho. Tukiwa mstarini uwanjani akaingia kijana mmoja, sururu begani, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mwalimu alipomwona, fimbo ikamdondoka. Kumbe ni mdogo wake, aliyetoroka nyumbani kufuata dhahabu bila kuaga! Mwalimu akamkimbilia, akamkumbatia, na maneno yakamtoka kwa fujo, anacheka na kulia. Hayakuwa Kiswahili. Hayakuwa Kiingereza. Macho yote mstarini yakanigeukia mimi.

Nikatoka mstarini. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama.

Nikavua kibao, nikakiinua kwa mikono miwili. "Mwalimu, ulisema yeyote."

Nikasubiri kofi. Halikuja. Yule mdogo wake akakitazama kibao, akaguna kwa Kiswahili, "Kaka! Kumbe na huku kipo?"

Mwalimu akamwachia mdogo wake. Akainama. Nikamvisha, nikarudi nyuma hatua chache nimwone vizuri, kisha nikapiga kigelegele kirefu, kile kile cha bibi. Aah! Sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Tarime nilikwenda, na viatu vya kuazima vikanichubua. Nilishika nafasi ya nne, nikapewa rula.

Kwa miaka mingi nilikumbuka ushindi wangu tu. Ni ukubwani ndipo nilipoanza kuiona ile shingo. Hakuna aliyeiinamisha. Iliinama yenyewe, kichwa kikalala upande kidogo ili kamba ipite sikioni bila kukwaruza, kama tulivyofanya sisi tuliokizoea. Jambo lile mtu hajifunzi akiwa mwalimu. Kuna mtu alimvisha naye akiwa mtoto, huko kwao kwenye migomba, na hakuwahi kumrudishia.

Msiniombe nimwonee huruma, sina. Mimi kisasi changu nilikipeleka kwa mwenyewe. Yeye chake alikibeba safari yote ile, akaja kukitua kwenye shingo za watoto wa watu.