Kabati la Cherehani la Mama Benedicta

Pale Ilomba, jijini Mbeya, watoto wa mtaa walikuwa wakimwita Mzee Meza. Jina lake hasa ni Matano. Alizaliwa Iringa mjini, ingawa babu yake alitoka Pangani akifuata biashara ya nguo, na kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa fundi cherehani. Alishona mpaka mtoto wa jicho alipomfanya aweke mfuko wa suruali kwa nje badala ya ndani. Mteja alicheka, Matano naye akacheka, na alipofika nyumbani akamwambia mkewe, Mwamvita, kwamba kazi imekwisha.

Mwamvita alidhani sasa mume wake atatulia nyumbani. Badala yake akaanza kuleta meza.

Hakutaka cherehani zenyewe. Alitaka meza zake tu, zile za zamani za kukanyaga kwa mguu, hasa zilizotengenezwa kama kabati. Ukimaliza kushona unakilaza kichwa cha cherehani ndani, unafunika mfuniko, unafunga milango miwili, na mgeni akiingia sebuleni anaona fanicha nzuri tu. Mbao zake ni nzito, miguu yake ya chuma imesukwa kama lesi. Watu walikuwa wanazitupa. Aliyepata cherehani ya umeme aliuza chuma kwa wanunuzi wa chakavu, mbao zikaishia jikoni. Ya kwanza Matano aliikuta Mafinga, kuku ameatamia ndani yake. Aliisugua mwezi mzima. Mwamvita alipomuuliza ni ya nini, alisema, "Aliyeitengeneza hii hakuwa na haraka."

Baada ya miaka sita alikuwa nazo kumi na saba. Nne zilikaa sebuleni, moja chumbani, na zilizobaki zilijaa kwenye banda la bati nyuma ya nyumba. Alizifuata Makambako, akazifuata Rungwe, akafika hadi Ubaruku, ambako moja ilikuwa imegeuzwa kaunta ya kupimia mchele kwenye mashine ya kukoboa. Hakuwahi kuuza hata moja.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza kuuma, mtu alimwambia kuna kabati Ilula ambalo halijapigwa hata mkwaruzo. Akapanda basi.

Mwenye kabati alikuwa Mama Benedicta, mjane wa Kihehe, miaka themanini kasoro. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walikwenda shule na sare alizoshona yeye. Masista wa misheni ndio waliomwachia cherehani ile walipohama. Kichwa chake kiliuzwa miaka mingi iliyopita, mume wake alipougua, na kabati likabaki pembeni ya chumba limefunikwa kitambaa cha mezani.

"Kamwene, mama," Matano aliamkia.

"Kamwene, baba. Karibu ndani. Wewe si Mhehe, lakini salamu umeiweza."

"Nimezaliwa Iringa, mama. Pale Miomboni."

Alimruhusu alitazame. Matano alipiga magoti sakafuni, akafungua milango, akapitisha kidole kwenye bawaba moja baada ya nyingine. Bibi alimwangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa akili asiye na madhara.

"Unalitakia nini? Hili halishoni tena."

"Nalitunza tu, mama."

"Unatunza kabati tupu?"

"Ninazo kumi na saba."

Mama Benedicta akacheka mpaka akashika ubavu. Lakini alipotajiwa fedha alitikisa kichwa. "Fedha Anord akiiona ataichukua," alisema. Anord ni mwanawe wa mwisho, mchuuzi wa nyanya, na siku hiyo alikuwa amepeleka mzigo Dar es Salaam. "Mimi nalala kwenye mkeka na magunia, na mgongo huu umenichosha. Niletee godoro, lililo nene, na blanketi. Halafu lichukue."

Siku hiyohiyo Matano alikwenda Iringa mjini, akarudi na godoro la inchi nane na blanketi mbili. Juliana, mke wa Anord, alimsaidia kulitoa kabati nje na kulifikisha barabarani. Waliporudi kuaga walimkuta bibi amekwisha kujinyoosha juu ya godoro, viatu miguuni, macho ameyafumba.

"Hapa sasa," alisema. "Hapa sasa ndipo pa kulala."

Haikupita hata wiki, simu za watu zikaanza kuzungusha sauti ya mtu asiyejulikana jina. Alisema kwamba Wazungu wa zamani walificha zebaki nyekundu ndani ya cherehani za kukanyaga, na kwamba kijiko kimoja cha zebaki hiyo kinajenga ghorofa. Matano alikuwa amefumua meza zile mpaka msumari wa mwisho. Alichowahi kukuta ndani ni grisi iliyoganda, vumbi, na buibui waliokufa. Mwanzoni alicheka. Kisha wanaume asiowajua wakaanza kusimama mbele ya nyumba yake, wakitazama banda la bati.

Ndipo Juliana alipopiga simu. Alikuwa analia, na Matano ilimbidi amwombe arudie mara mbili ndipo aelewe.

Anord alikuwa amerudi kutoka Dar mikono mitupu. Lori liliharibikia Kitonga siku mbili, nyanya zikaoza kwenye matenga. Alipofika kijiweni, wenzake wanaouzia wasafiri pale barabarani wakampa habari ya zebaki, na wakampa na ya mzee wa Mbeya anayezunguka mikoa miwili akikusanya kabati za cherehani. Akaenda moja kwa moja hadi kwa mama yake.

"Kabati liko wapi?"

"Nimebadilisha na godoro," bibi alimjibu.

Anord alilishika lile godoro kwa mikono miwili akalivuta. Mama yake alikuwa juu yake. Aliangukia sakafu ya saruji, nyonga ikavunjika. Hospitali walisema kwa umri ule upasuaji ni wa kubahatisha, na familia ikamrudisha nyumbani.

"Baba, lirudishe," Juliana alisema. "Labda Anord akiliona atatulia. Hali, halali, anazunguka tu uani."

Mwamvita alisikia yote, kwa sababu mume wake aliiweka simu kwenye sauti ya juu.

"Usiende," alisema. "Ukilirudisha watasema umeshaitoa hiyo zebaki. Usipolirudisha watasema bado unayo. Bora waseme ukiwa hapa kwako."

"Yule mama amevunjika kwa ajili yangu."

"Amevunjwa na mwanawe, Matano. Wewe ulimpelekea godoro."

Lakini Matano alikuwa ameshasimama anatafuta kamba. Kesho yake alfajiri alipata Fuso iliyokuwa inakwenda Ilula kupakia nyanya, akalifunga kabati nyuma kwa mablanketi, na kufika adhuhuri akiwa amebanwa na vumbi hadi kooni.

Anord hakuwepo. Mama Benedicta alikuwa amelazwa chini ya dirisha, juu ya godoro lile lile, uso umepungua hadi ukawa kama wa mtoto. Aliposikia kabati likiteremshwa uani alikunja ndita.

"Umelirudisha la nini? Nilikupa mimi. Sikukudai."

"Nataka Anord alitazame mwenyewe, mama. Aone kwamba hamna kitu."

"Anord haoni siku hizi." Akavuta pumzi kidogo kidogo. "Lichukue uondoke nalo. Lakini kwanza kaa, unywe chai. Umetoka mbali."

Chai haikufika nusu kikombe. Anord aliingia uani na wanaume kama kumi wa kule barabarani, na Matano akatoka kuwapokea, akasimama na kabati lake chini ya dirisha. Hakuwa mtu wa kutisha, huyu Anord. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kwanza hakupiga kitu. Alifungua milango, akaingiza mkono, akapapasa kila kona. Akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, ameegesha sikio, kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akaomba shoka.

Mbao za kabati lile zilikuwa zimekauka miaka mingi na zilipasuka kwa sauti kali. Matano alisimama hapo hapo. Ilipofika droo ya chini aligeuza uso. Walipomaliza, chini palikuwa na vipande, chaki ya fundi iliyovunjika, na sindano moja yenye kutu.

"Umeshatoa," Anord alisema.

"Wallahi sikutoa kitu. Hakikuwepo."

"Ukalirudisha bure? Kutoka Mbeya hadi hapa, kabati bovu, kwa mapenzi tu?"

"Mama yako anajua. Muulize mama yako."

Pigo la kwanza lilikuwa la mti wa tenga, mbavuni. Baada ya hapo hakuweza kuyahesabu. Alisema ukweli mara nne, kila mara kwa pumzi fupi zaidi, na kila mara waliona anazidi kuwa mbishi. Juliana alikuwa akipiga kelele kutoka mlangoni. Halafu mtu mmoja nyuma alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza soda, "Mmoja aende akalete petroli."

Matano alisikia hatua za mtu akikimbia.

"Nimeuza," akasema.

Mti uliokuwa umeinuliwa ukashushwa.

"Nimeuza Tunduma. Ilikuwemo, nikaitoa, nikauza. Niachieni, nitaleta hela."

Simu tatu nne zilikuwa zimeinuliwa zikimrekodi. Mtu mmoja akamwambia arudie kwa sauti, na yeye akarudia kwa sauti. Ndipo alipoinua kichwa, damu ikimwingia jichoni, akaona kwamba dirisha lililokuwa juu yake liko wazi. Ndani, kwa sauti ndogo sana, Mama Benedicta alisema neno moja.

"Kumbe."

Mtendaji wa kata alifika na mgambo kabla ya petroli. Matano alilala mahabusu siku mbili, zaidi kwa usalama wake kuliko kwa kosa. Polisi hawakuwa na kesi ya kuandika. Mkuu wao alimwambia, si kwa ubaya, kwamba asionekane tena Ilula. Alirudi Mbeya na mbavu mbili zilizovunjika na jino moja pungufu, na Mwamvita alimkanda kwa maji ya moto bila kumwambia kwamba alimwonya.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Juliana alipiga tena. Mama Benedicta amefariki, na wamemzika pembeni ya mumewe.

"Alisema chochote juu yangu?" Matano aliuliza.

"Alisema tuliondoe godoro. Hakutaka kulilalia tena. Tulimrudisha kwenye mkeka."

"Hukumwambia? Hukumwambia kwa nini nilisema vile?"

"Nilimwambia, baba. Kila siku. Alikuwa akinitazama tu."

Video ilimtangulia kila alikokwenda. Msikitini watu walimsalimia haraka haraka. Fundi mmoja aliyewahi kujifunza kazi kwake alikuja jioni na soda mkononi, akakaa saa nzima akizungumzia mvua, na mwishoni akanong'ona akiuliza kama bado lipo tone lililobaki. Wanunuzi walipiga simu kutoka mikoa ambayo Matano hajawahi kufika. Siku ya Idi, wakati yeye na mkewe wako uwanjani kwa sala, watu walivunja banda. Matano na Mwamvita walirudi wakakuta meza kumi na mbili, ile ya Mafinga na ile ya Ubaruku na nyinginezo, zimechanwa, milango upande huu, droo upande ule, na miguu ya chuma imekatwa kwa msumeno kutazama kama ina uwazi ndani. Hawakuchukua kitu. Mwamvita ndiye aliyelia. Matano alikwenda akaleta ufagio.

Zilibaki tano. Mwezi wa kumi na mbili Juliana alipita Mbeya. Alikuwa amemwacha Anord na anakwenda kwa dada yake Tukuyu, mtoto mgongoni. Alikaa sebuleni kati ya zile meza, akanywa uji. Matano alikuwa na jambo moja tu la kumwomba.

"Mwambie mumeo ukweli," alisema. "Mwambie mimi nilidanganya kwa sababu ya petroli. Sitaki aniombe radhi. Nataka ajue tu kwamba mama yake hakuibiwa."

"Nimeshamwambia," Juliana alijibu. "Anaziba masikio. Nikimwambia hakikuwemo kitu, anaondoka nyumbani siku mbili. Juzi alinishika mabega akasema, 'Usiniondolee mali ile, Juliana. Kama haikuwemo, basi mimi mama yangu nilimwangusha kwa ajili ya nini?'"

Mtoto akaanza kulia, akambembeleza.

Matano alikaa akitazama mikono yake. Mwamvita alikuwa amesimama mlangoni na sufuria.

"Basi mwache," Matano alisema mwishowe. "Usimwambie tena."

Tangu siku ile hajakanusha. Wageni bado wanakuja, wengine kwa pikipiki, wengine kwa magari yenye vioo vyeusi. Anawafungulia milango ya meza tano zilizobaki, wanaingiza mikono, wanagonga mbao, wanamulika na tochi za simu, wanaondoka wakimtazama kwa chuki. Yeye anarudi kwenye kiti chake. Ni Mwamvita peke yake ambaye bado huwafuata hadi barabarani, kanga imemteleza begani, akiwaambia kwamba hakuna kitu, hakikuwahi kuwepo kitu, waende kwao.