Si Zawadi, Ni Awadi

Mkuu wa ofisi alikuwa na kabati la kioo lililojaa vikombe vya kung'aa, na aliyevijua kuliko wote ni mfagiaji, maana ndiye aliyevifuta kila asubuhi. Bwana mkubwa hakutaka viitwe zawadi. "Awadi, mama," alimsahihisha, midomo kaibinua kama anayeonja chai ya moto. "Zawadi hupewa hata mtoto. Awadi mtu huistahili." Neno hilo alilichomeka kila mahali, hata kwenye barua ya kuomba likizo.

Ijumaa moja aliwakusanya wafanyakazi wote, akatangaza kwamba awadi ya mfanyakazi bora ni ya mfagiaji, kwa miaka yake kumi na tisa. Machozi yakamlenga mama wa watu. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, wakapigwa picha, bosi meno yote nje. Picha ilipokwisha tu, bosi akamgeukia. "Haya, kirudishe kabatini. Na ukifute, umekiachia alama za vidole."

Mfagiaji akamtazama kwanza. "Kumbe tulikuwa tunaazimana, bosi," akasema, akamkabidhi kikombe pamoja na kitambaa. Ukumbi ukaangua kicheko, naye bosi akaanza kufuta.