Aliyepita Mlangoni

Kapeti likilowa lina harufu yake, nzito, kama ya mbwa aliyenyeshewa. Juzi bomba lilipasuka jikoni kwangu, na kabla sijatafuta hata ndoo, harufu hiyo ikanirudisha Missouri City, ughaibuni tulikokuwa tukiishi, mwaka ule wa kimbunga, nikiwa na miaka kumi na roho mkononi.

Wiki hiyo mwalimu alikuwa ametupa hadithi mbili za kale kuhusu gharika, akatuuliza zinasema nini juu ya binadamu. Ya Wagiriki ilikuwa ya mtu aliyejenga sanduku kubwa, akaingia na mkewe, wakaelea salama huku dunia ikizama. Ya Wachina ilikuwa ya mtu aliyetumwa kuchimba mitaro ili maji yarudi baharini. Alichimba miaka na miaka. Siku moja alipita nje ya nyumba yake, akasikia mtoto wake analia ndani, na hakuingia. Mwalimu alimsifu sana. Mimi nilimchukia papo hapo.

Baba alikuwa upande wa Mgiriki. Siku kimbunga kilipofika, tangu asubuhi alikuwa anajaza maji kila sufuria, kila jagi, hata birika la chai, maana alikulia mahali ambapo mabomba hukauka, na hakuna ambaye angemshawishi kwamba shida yetu siku hiyo ilikuwa maji kuzidi. Alisema mtu mwenye akili huingia sandukuni na watu wake akafunga kifuniko. Nilicheka, lakini moyo haukuwepo, kwa sababu Mama alikuwa bado nje.

Mama alikuwa nesi. Siku hiyo hakuwa kazini. Alitoka tu kununua mkate na maziwa, akasema anarudi sasa hivi. Mvua ikazidi. Maji yakapanda ukingo wa barabara, yakaanza kuzila nyasi zetu. Nilikaa kwenye dirisha la juu, nikimwahidi Mungu mambo ambayo hata yeye alijua sitayatimiza.

Hatimaye gari lake likaja. Nikaita “Mommy!” kwa nguvu zangu zote, nikigonga kioo. Akashuka, akaweka mifuko barazani, akaja mpaka mlangoni. Nikateremka ngazi mbiombio. Nilipofungua, gari lilikuwa linakata kona, magurudumu yakirusha maji.

Alimpigia Baba kutoka njiani. Manesi wa kupokea zamu wamekwama, wagonjwa hawana mtu, anaenda hospitalini. Baada ya hapo mtandao ukakatika. Baba akaacha mizaha. Alikuwa anaenda dirishani, anarudi, anajaza chombo kilichokwisha kujaa. Maji yaliingia sebuleni, tukahamia juu, na mimi nikaandika jibu la mwalimu: watu ni wa aina mbili, wanaopenda watu wao na wanaopenda watu baki. Kisha nikafuta, kwa sababu sikutaka kujua Mama ni wa aina gani. Nilijiambia kwamba mvua ilikuwa kubwa na hakunisikia. Nililala na hilo.

Alirudi maji yalipopungua, miguu imevimba, akalala na viatu vyake. Sikumwuliza kitu.

Mwaka jana tulikuwa kwake tunachambua sukuma wiki, nikamtania kwamba siku ile mvua ilimeza sauti yangu. Mikono yake ikasimama.

“Nilikusikia,” akasema. “Nilikuwa nimeshika kitasa. Ningefungua, singe-drive tena kwenda popote.”

Nilikuwa nimewagawa watu mafungu mawili kama mboga, kumbe Mgiriki na Mchina hukaa ndani ya mtu mmoja, wakivutana. Hadithi haikusema yule Mchina alisimama nje muda gani kabla ya kuendelea na safari. Mama naye hakusema, na sikuthubutu kumwuliza.