Gunia nane za mpunga zilivyonikosesha masjala ya siri

Habari za mchana wakuu. Nina hasira hapa nilipo, nikiandika hovyo mtanivumilia. Ila chumvi sijatia, yamenikuta mwenyewe.

Mimi ni mtunza kumbukumbu ofisi moja ya serikali hapa Kyela. Kazi yangu mafaili. Mke wangu ni nesi Mbeya, watoto wako naye. Mwaka wa nne huu tunaishi kwa simu.

Ikatokea nafasi masjala ya siri, yanakokaa mafaili nyeti, hukohuko Mbeya. Bosi akanipendekeza. Mke wangu akaanza kutafuta nyumba kubwa, aisee.

Sasa masjala ya siri huingii bila vetting. Unajaza fomu ya upekuzi, mpaka ukoo unauandika. Kuna sehemu wanauliza kama una deni hujalipa.

Nikaandika HAKUNA. Kwa herufi kubwa, na mwandiko mzuri!

Nina shamba la mpunga Ngonga. Msimu ule wa mafuriko nilikuwa nimeshachukua hela ya gunia nane kwa Mama Mwanaidi, mwenye duka la nafaka mjini. Huku wengi tunauza mpunga ungali shambani. Maji yakaja, yakasomba wote. Nikajiambia mpunga wake umekwenda ziwani, hasara tumepata wote, yameisha.

Yameisha wapi! Hata pole sikwenda kumpa. Misimu miwili nazunguka nyuma ya soko nisionane naye. Mtu mzima na kitambi changu, napita vichochoroni.

Mpekuzi akaja. Hawa jamaa hawaishii ofisini, wakuu. Alikaa dukani kwa Mama Mwanaidi, akaulizia mchele, kisha akaniulizia mimi.

Baadaye akaniita.

"Deni lenyewe dogo," akasema. "Tunapitisha watu wanaodaiwa kila siku. Ila wewe umeandika huna, na anayekudai unamkimbia. Akitokea mtu akulipie ili umpe karatasi moja tu ya siri, utamkatalia?"

Nikatoka na hasira zangu, moja kwa moja mpaka dukani. Hata shikamoo sikutoa.

"Mama, kwa nini umeniharibia?"

Akanivutia kigoda. "Mwanangu, nimemwambia wewe mtu mwema, hulewi, hugombani na mtu. Akauliza kama unadaiwa. Nikasema gunia nane, ila nne nilishakusamehe tangu maji yalipokuja. Nilikuwa nangoja upite nikwambie."

Daah. Nilikwenda pale kumgombeza, nikaishia kujichukia mwenyewe. Mjinga mkubwa mimi!

Wiki iliyopita barua ya uteuzi imekuja. Kachukuliwa dada mmoja wa ofisini, niliyemfundisha mwenyewe kufungua faili. Imepitia mezani kwangu. Nimeigonga muhuri, nimeiingiza kwenye rejista, nimempelekea kwa mkono wangu.

Jioni mke wangu akapiga, anauliza amjibu nini mwenye nyumba. Nikamwambia amwache apangishe wengine. Akakata simu.

Nyie mnaojaza hizo fomu, kama unadaiwa andika unadaiwa, na useme unalipaje. Kabla ya hapo nenda kamsalimie anayekudai, salamu hailipiwi. Mliowahi kukwama kwenye vetting shusheni ya kwenu hapa. Wa kucheka nao wacheke, nimestahili.

Zile gunia nne zilizobaki nimeshampelekea Mama Mwanaidi. Sasa napita mbele ya soko kifua mbele, halafu narudi nyumbani kula peke yangu.