Bibi na Mji wa Ujerumani

Juzi nilikuwa ofisi ya usharika, Kijenge, nikisubiri cheti cha ubatizo. Mgeni kutoka Ujerumani alitandaza mezani picha za mji wake mdogo, ambao usharika wetu una urafiki nao. Kabla hajaeleza, Bibi mmoja wa Kimeru akamtangulia, akionyesha kwa kidole: "Mto unapinda hapa. Ukuta huu ulibomolewa vitani. Kanisa liliungua mara mbili."

"Bibi, ulifika lini?" mgeni aliuliza.

"Sijafika. Nawaombea kila Jumapili, nitaombeaje mahali nisipopajua? Nanyi, tuliwaandikia mtuombee mvua. Mnatuombea?"

"Kila Jumapili," alisema mgeni, akiuonyesha Mlima Meru dirishani. "Tunawaombea watu wa Kilimanjaro."

Bibi alivua miwani, akaipangusa taratibu kwa kanga.

"Kumbe mvua yetu yote inanyesha Moshi."