Kartoni Yangu kwenye Ukuta wa Fundi

Sijawahi kumwonea msichana wivu kwa sababu ya nguo au nywele. Yule niliyemwonea wivu alikuwa fundi wa magari, na siku nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amevaa ovaroli yenye kiraka matakoni.

Gari ni la mama. Baba ni mtu wa jembe, shamba letu liko nyuma ya nyumba hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na akisikia gari linakohoa asubuhi hucheka tu na kusema, "Muite munganga wake." Munganga ni daktari, na daktari alikuwa mama. Alijifunza kule kwao Uvira kwenye garaje ya kaka yake, kabla sijazaliwa, na tangu aliponunua hili gari la kijani la kubebea maharage, hakuna mtu mwingine aliyeligusa. Mama alisema fundi akiona mwanamke anashuka upande wa usukani, anaona ugonjwa hata pale usipokuwepo.

Msaidizi wake nilikuwa mimi. Nilianza nikiwa na miaka tisa. Jumapili tukitoka ibadani tulibadilisha nguo, tukatandika gunia chini ya gari, mama akaingia na mimi nikabaki nikimpa vyombo. Mama huita spana "kle," kama walivyoita kwao. "Leta kle ya kumi na mbili. Apana, ile yenye kupindika kichwa." Nilizijua zote kwa kuzigusa, na skrubu za juu aliniachia nizifunge mwenyewe.

Nikiwa na miaka kumi na miwili nilitengeneza kartoni. Bolti za injini hazilingani urefu, na ukiingiza ndefu kwenye tundu la fupi unaweza kupasua chuma. Mama alikuwa akizimwaga zote kwenye sahani, halafu wakati wa kurudisha anakuna kichwa. Mimi nilikata upande mmoja wa boksi la mafuta ya kupikia, nikachora uso wa injini kama ulivyo, nikatoboa matundu, na kila bolti ikitoka nikaichomeka pale ilipotoka. Pembeni niliandika kwa herufi ndogo: ndefu ya juu, fupi ya kushoto, hii inabana sana. Mama aliiangalia, akamwita baba kutoka shambani. "Kuya uone kintu mutoto amefanya." Baba alikuja na jembe lake begani, akaangalia, akasema ni nzuri, akarudi. Mimi nilikaa na ile siku mwezi mzima.

Niseme ukweli, mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Darasani jibu ninalo lakini linabaki kooni. Kanisani ninasimama mstari wa nyuma na kufungua mdomo bila sauti. Ila kwenye gari nilikuwa nasema. "Mama, umesahau ile ya chini." Na mama alikuwa akinisikiliza kama mtu mzima.

Muhula wa kwanza mwaka huu, nikiwa Senior Four, pampu ya maji ya gari ilianza kuvuja. Niliisubiri Jumapili kama watu wanavyosubiri harusi. Jumamosi jioni mama alirudi kutoka Mbarara, gari halivuji tena.

"Nani ametengeneza?" nikamuuliza.

"Fundi mumoja wa Nyamityobora, kule Mbarara. Mutoto wa mwanajeshi. Mutoto mwanamuke, unasikia? Mwanamuke." Alisema kama mtu aliyeokota pete.

Nikatazama chini ya kiti cha gari, pale kartoni yangu inapokaa. Haikuwepo.

"Nilimupatia," mama akasema. "Aliipenda mingi sana. Akasema kartoni ya namna ile hata kwa karakana ya jeshi hawana."

Likizo ilipofika nilikwenda naye Mbarara nikamwone huyo mtu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili hivi. Amekulia kambini, baba yake ni askari, na kazi aliianzia kwenye karakana ya jeshi kwa kumfuata baba yake. Kiswahili chake ni kile cha kambi, kifupi, kama anatoa amri. Mafundi wanaume wa pale uani wanamwita Afande. Anawajibu bila hata kugeuza shingo. Anapiga mluzi. Akitaka kitu anapaza sauti kutoka chini ya gari na kitu kinakuja.

"Mama, umefika," alisema alipotuona. Alimwita mama. Najua kila mtu humwita mwanamke mzima mama, lakini siku ile ilinichoma kama anachukua kitu mfukoni kwangu.

"Na huyu?"

"Ni mutoto wangu mukubwa. Njo yeye huyu wa kartoni."

"Kumbe! Kazi mzuri." Akaninyooshea kiwiko nikisalimie, kwa kuwa mkono ulikuwa na grisi. Nilishika kiwiko. Kartoni ilikuwa kwenye ukuta wa mabati, imetundikwa kwa msumari kando ya kalenda, na kwenye matundu yangu zilikuwepo bolti za gari la mtu nisiyemjua.

Mama alikaa pale saa mbili akiinama naye chini ya boneti. Walicheka. Mama alimwonyesha namna kaka yake alivyokuwa akisikiliza injini kwa kuweka mpini wa nyundo sikioni, jambo ambalo nilidhani ni letu sisi wawili. Na wakati wa kuaga akamwambia, "Asante, mutoto yangu." Tukiwa njiani kurudi, mama alisema "spana." Hakusema kle. Spana.

Sasa nifike kwenye lile baya.

Ijumaa iliyofuata, mchana, mama alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya na baba alikuwa shambani. Nilichukua kisu cha jikoni nikafungua boneti. Mpira mkubwa unaopeleka maji kwenye injini unabanwa na mkanda mdogo wa chuma wenye skrubu. Nililegeza ile skrubu mpaka mkanda ukacheza na kuzunguka. Nilitaka maji yavuje kidogo tu, kiasi cha mama kuona matone chini ya gari na kusema, afadhali tungefanya wenyewe. Halafu nikaogopa. Nikakaza tena, lakini si mpaka mwisho. Hapo ndipo ninapojichukia, kwa sababu ningeweza kukaza mpaka mwisho.

Jumamosi tulipakia maharage na madumu ya samli ambayo mama alikuwa ameyanunua Endiinzi, tukaondoka. Mama alikuwa akiimba. Nilitazama mshale wa joto kuliko barabara. Kwenye mlima mmoja mrefu mshale ulianza kupanda, na kabla sijajua niseme nini, moshi mweupe ukatoka mbele na mama akanyamaza katikati ya wimbo.

Alisimamisha gari kando. Tulikaa kwenye jiwe tukingoja injini ipoe. Kisha alizungushia mkono kitambaa, akafungua boneti, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuona mpira uliolegea. Akatoa kisu chake mkobani, akakaza, akamimina maji ya chupa zote mbili.

"Ingia," akasema.

Hakuimba tena mpaka Nyamityobora.

Fundi alitoka akifuta mikono. "Mama, nini tena?"

"Ilichemuka kwa mulima. Mupira ya maji ililegea."

Mafundi wawili waliokuwa wakibadilisha tairi walisikia, na hawakungoja hata kidogo.

"Afande, ulifunga na uzi?"

"Alifunga kama anafunga mtoto mgongoni. Hiyo ni kazi ya wanawake, nyabo, utazoea," mwingine akamwambia mama. Nyabo ni bibi kwa lugha ya pale.

Fundi hakuwajibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hajibu. "Mimi nilikaza," alimwambia mama, sauti imeshuka. "Mama, mimi nilikaza hiyo kitu na mkono yangu." Akaendelea kufuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

Ndicho nilichokitaka, na zaidi. Uani kote walikuwa wakimcheka. Nilingoja nifurahi. Mama hakuwa akimtazama fundi, alikuwa akinitazama mimi, na alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayengoja maji yachemke.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ndivyo ilivyo. Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

"Ni mimi nililegeza. Na kisu."

Wale wa tairi wakaliacha tairi lao.

"Wewe?" fundi akauliza. "Kwa nini?"

Nilitazama ukutani. Sababu yote ilikuwa pale, inaning'inia kwenye msumari. "Sijui," nikasema, nao ulikuwa uongo.

"Injini ingekufa. Wewe na mama yako mngekufa kwa barabara. Unajua?"

"Najua."

"Hapana, hujui. Enda kaa pale. Na usiguse gari ya mtu hapa kwangu."

Nikamgeukia mama, nikidhani atanitetea. Mama akasema, "Umesikia."

Palikuwa na kiti kilichong'olewa kwenye gari la zamani, kimeegemezwa ukutani upande wa pili wa uani. Nikakaa. Fundi alisema lazima afungue tena pampu aone kama joto limeiharibu, na mama akavua kitenge cha juu, akakunja mikono ya blauzi, wakaanza. Mama ndiye aliyekuwa akimpa spana sasa. Alimpa kama nilivyokuwa nikimpa yeye, mpini kwanza. Kutoka pale nilipokaa niliona migongo yao miwili tu. Niliomba nimchukie vizuri yule msichana, lakini kila nilipojaribu nilimkumbuka akifuta mikono mikavu.

Bolti zilitoka, zikaingia kwenye kartoni yangu moja moja. Pampu ilikuwa nzima. Wakati wa kurudisha, fundi aliishika kartoni karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga.

"Wewe wa kisu!" akaita.

Nikasimama.

"Kaa huko huko. Hapa umeandika nini? Hii maandishi ni ya sisimizi."

"Wapi?"

"Sisikii."

"Wapi?" Nadhani hata barabarani walisikia.

"Hapa juu, karibu na mkono ya kulia."

"Ndefu ya juu! Inaingia ya kwanza, lakini usiikaze mpaka ya chini iingie!"

"Na hii?"

"Fupi! Ya kushoto!"

"Kumbe ana mdomo," mmoja wa wale wa tairi akasema.

Bolti zilikuwa sita. Zote sita niliziita nikiwa nimesimama mbele ya kile kiti, uani kwa watu, na fundi akaziingiza kama nilivyosema bila kubishana hata na moja. Mama kichwa kilikuwa chini ya boneti, lakini niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Alipomaliza, fundi alirudisha kartoni kwenye msumari. Hakunipa mkono wala kiwiko. Mama alimlipa na kumwambia, "Asante, mutoto yangu." Tena.

Tulikuwa tumeacha mji nyuma mama aliposema, "Nilijua tangu kwa mulima."

"Ulijuaje?"

"Ile visi ya mukanda ilikuwa inaangalia betri, upande wa kushoto. Yeye anafunga kichwa cha visi kikiangalia juu. Ni wewe tu mwenye unafungia kushoto, na huo mukono wako."

Ni kweli. Mimi ni wa mkono wa kushoto, na kwa miaka minane kila skrubu niliyofunga kwenye lile gari nimeielekeza kushoto bila kufikiri. Hata nikifanya ubaya, nilikuwa nimeuandika kwa mwandiko wangu.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kinywa ni yako."

Baadaye kidogo akaniambia kwa nini alianza kulipa fundi. Mwalimu alikuwa amemwonyesha madaftari yangu, kila ukurasa una alama ya kidole cha mafuta, na Jumatatu nasinzia darasani. "Mutihani ni mwaka huu. Ninamulipa yeye juu wewe usome."

"Mimi sikuomba."

"Najua hukuomba," mama akasema, akabadilisha gia.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Najua alifanya kwa ajili yangu. Lakini angeniuliza kwanza, kama alivyoniuliza siku zote kuhusu bolti. Na najua tena kwamba ile "mutoto yangu" haikuwa kwa ajili ya mtihani wangu, ilikuwa kwa ajili ya yule msichana mwenyewe, kwa sababu mama anampenda. Hilo bado linanikaa vibaya na sitaki kudanganya kwenye hili daftari langu mwenyewe.

Mama amenikataza boneti mpaka mtihani uishe. Jumapili anapima maji na oili peke yake, mimi nimekaa mlangoni na kitabu cha kemia. Jumapili iliyopita aliinuka, akaangalia huku na huku kwenye lile gunia, akasema bila kugeuka, "Leta kle ya kumi." Kisha akakumbuka, akaja kuichukua mwenyewe.

Nimeanza kartoni nyingine, ya breki. Naichora kwa kukumbuka tu, kwa kuwa siruhusiwi kufungua. Safari hii nimeandika kwa herufi kubwa, mtu akisimama mbali anasoma. Sijaamua kama nitampa yule fundi.