Mgongo wa Bibi

Wiki jana daktari aliinua picha yangu kwenye mwanga, akaniambia, "Mifupa yako imekuwa myepesi, mama. Pingili mbili za mgongo zimebonyea. Usiinue ndoo, usikubali kukandwa mgongo, na usianguke." Usianguke! Kana kwamba watu huanguka kwa kupenda. Dawa ipo, lakini ni ya kulinda iliyobaki. Iliyobonyea ndiyo basi tena. Kisha akauliza kama kwetu kuna mwingine aliyepinda mgongo. Nikamjibu, bibi yangu, na tangu hapo sijala nikashiba.

Ngoja nikuhadithie, ndugu yangu. Bibi ndiye aliyenilea, mtaa wa Nguvumali, katika nyumba ya makuti. Kutwa nzima alikuwa ameinama: juu ya mbuzi akikuna nazi, juu ya kinu, juu ya chungu cha mchuzi wa papa ambao harufu yake niliinusa tangu njiani nikitoka madrasa. Baada ya swala ya alasiri alitandika mkeka uani, akalala kifudifudi, akaniita kwa utani wake, "Njoo unikanyage, mke mwenzangu." Kila nyumba watoto waliwakanyaga wazee wao migongo, ndiyo ilikuwa dawa ya uchovu. Nami nilipanda kwa madaha, nimeshika ukuta, nyayo zikiteleza kwa mafuta ya nazi, yeye akiguna kwa raha.

Siku moja nikarukaruka. Nilikuwa na miaka minane, kichwa maji. Nikasikia chini ya kisigino ko! kama muhogo mkavu unapovunjwa. Bibi akavuta pumzi, "Yallah." Kisha akasema, "Shuka mwanangu, leo umenikanda sawasawa."

Hakuinuka siku ile, wala iliyofuata. Alipoinuka alikuwa amepinda, anatazama chini kama mtu anayetafuta sindano. Jirani alipomuuliza, bibi alisema aliinua ndoo vibaya. Jirani akasema ni uzee tu huo, nasi sote tukaamini, mimi wa kwanza.

Daktari anasema mifupa ya namna ile huweza kuvunjika hata kwa kikohozi. Labda. Bibi hayupo, nyumba ilishabomolewa, na wa kumwomba radhi simwoni. Lakini kinachoniuma kuliko mgongo ni hiki: tangu siku ile hakuniita tena kumkanyaga, alasiri zote zikawa zangu za kucheza, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.